Siku Tulipomnyonyoa Kozi

Mwishoni mwa miaka ya hamsini niliolewa, nikatolewa kwetu Ole nikapelekwa kijiji cha pwani, kaskazini ya Pemba. Kazi ya kwanza niliyopewa na mama mkwe ilikuwa kupiga makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la ufuoni miezi kadhaa mpaka yaoze, kisha hufukuliwa na kupigwa kwa rungu zitoke nyuzi za kusukia kamba. Uvundo wake unaingia kwenye nywele, na kanga unaifua mara tatu bado inanuka. Wiki ya kwanza nilikuwa sili mpaka jioni.

Juu ya mashimo yale palikuwa na jabali lililotokeza baharini. Nilipanda pale kutafuta hewa, na pale ndipo nilipowaona kozi, ndege wa kuwinda mfano wa mwewe.

Ilikuwa vuli. Walikuja kwa makundi, kumi, ishirini, wadogo, wa kijivu, miguu myekundu kama iliyotiwa hina. Mbele yao walikuja kerengende kwa maelfu. Kozi alimdaka kerengende kwa mguu, akainamisha kichwa, akamla huku anaruka, na mabawa yakaniangukia mapajani, mepesi, yakimetameta. Mbayuwayu walipita chini yao na keremkerem wakapiga kelele pembeni. Saa kumi kozi walitua kwenye mvinje mmoja mkavu, wakakaa wamejaa kila tawi. Mimi wa shamba sikuwahi kuona kitu kama kile. Nikawa napiga makumbi haraka haraka nipate kupanda.

Nilimwambia mume wangu. Tulikuwa na miezi mitatu tu ya ndoa, na sikuwa na jambo jingine zuri la kumwonyesha. Ijumaa baada ya sala akaja, tukakaa juu ya jabali bega kwa bega.

"Wanalala hapa hapa?" akaniuliza.

"Wengine wanalala. Asubuhi wanaondoka, wanakuja wengine."

Nilifurahi kwamba ameuliza.

Wiki ile ile mwewe alichukua vifaranga vinne vya mama mkwe kwa siku mbili. Mama alikaa mlangoni, tenga limefunika vilivyobaki, akasema dawa yake anaijua: anyonyolewe mmoja akiwa hai, aachiwe, wenziwe wamwone. Hawatarudi.

"Mama, wale wa jabalini si mwewe," nikasema. "Wale ni kozi. Wanakula kerengende."

"Wote wana kucha," mume wangu akajibu, wala hakuniangalia.

Siku ya pili alirudi na kapu. Ndani mlikuwa na kozi, bawa moja limegandamana kwa ulimbo wa fenesi. Alikwenda kuupaka kwenye mvinje niliomwonyesha mimi.

"Hebu nishikie miguu," akaniambia.

Nikaishika. Hakunilazimisha, wala hakurudia kusema. Ilikuwa myembamba kama vijiti vya mfagio, na ya moto. Alianzia mkiani. Kila unyoya ulitoka kwa sauti ndogo, kama uzi unaokatwa. Mama alielekeza kutoka mlangoni, hapa bado, na hapa chini ya bawa, kama mtu anayesimamia kuku wa mgeni. Ndege alilia mara ya kwanza tu. Baadaye alifungua mdomo na ulimi ukasimama, bila sauti. Ngozi yake ilikuwa ya waridi, ina vitone vya damu kila ulipokuwa unyoya. Majirani wawili waliokuwa wakipita walisimama wakacheka. Nilishika mpaka mwisho.

Alipoachiwa alikimbia, akaanguka, akakimbia tena. Mama kuku akamfuata akamdonoa mgongo. Akajikokota mpaka kwenye migomba, na asubuhi nilimkuta ameshajaa siafu.

Mume wangu alinawa akakaa kula. Siku zile bado tulikuwa tukila sahani moja. Alipochovya tonge kwenye mchuzi niliona kipande cha unyoya kimenata kwa ulimbo pembeni mwa kidole gumba chake. Nilitoka nje nikatapika hata nikaona nyongo.

"Alhamdulillahi," mama mkwe akasema.

Alidhani nina mimba. Nikamwacha adhani. Siku kumi na mbili sikupelekwa kwenye makumbi, nikapikiwa uji wa pilipili manga, na kila mume wangu alipoukunjua mkono kunipa kitu nilisema moyo unanichafuka. Ilikuwa kweli. Siku ya tatu tu mwewe alichukua kifaranga kingine, na mama akasema ni kwa sababu yule ndege alikufa kabla hajafika kwao.

Kisha nikaingia mwezini, na ikabidi nimwambie mume wangu.

"Sasa ulikuwa ukitapika nini?"

"Mikono yako."

Akaitazama, hii na hii. "Mbona nilinawa."

"Nakuonea kinyaa," nikasema.

Aliishusha mapajani. Kisha akasema taratibu, bila hasira, "Na wewe ulimshika."

 Kesho yake niliomba ruhusa nikaenda kwetu. Mama yangu alinisikiliza akipepeta mchele, akaniuliza kama nimepigwa. Nikasema sikupigwa. Kama nimenyimwa chakula. Nikasema sikunyimwa. Hakuuliza tena.

Baada ya wiki mume wangu alikuja na baiskeli kunichukua. Alimwamkia baba, akakaa, akanywa kahawa kwa adabu. Njiani, tulipokuwa tukipandisha kilima kwa miguu, akasema, "Sitashika ndege tena."

Nilimsadiki. Lakini sikumwambia kwamba tangu siku ile mimi mwenyewe nilikuwa nikinawa kwa mchanga, asubuhi na jioni, na bado nikiukunja mkono wangu ndani ya kanga ili usiniguse usoni. Nilimwambia tu tuongeze mwendo, kwani mvua ilikuwa inakuja.