Shina la Mgomba

Rébecca aliangusha beseni la samaki mchana kweupe, katikati ya soko. Ndagala za Kasenyi zikatapakaa kwenye matope, na yeye, asiyekubali hata mteja aguse samaki bila kununua, hakuinama kuokota. Alinishika mkono. Mimi ni jirani yake, na huniita Yaya, yaani mkubwa wake. Nilikuwa nasubiri anifungie za kwangu.

"Yaya, angalia kule. Ule mwanamuke mwenye kuvaa kikwembe ya kijani. Weye pia unamuona?"

"Namuona. Ni nani?"

"Ni Clarisse."

Clarisse alikuwa ndani ya udongo tangu yeye na Rébecca walipokuwa watoto wa shule ya msingi.

Mtaani kwetu hakutajwa mmoja bila mwingine. Walicheza nzango, ule mchezo wa wasichana wa kuruka na kurusha miguu wakiimba, mpaka mama zao wakachoka kuwaita. Vita vilipoingia Bunia, mji wetu, shangazi yake Clarisse alimvuta mkono waelekee Kasenyi, wavuke ziwa kwenda Uganda. Katika kukimbia, kiatu kimoja cha plastiki kilimtoka mbele ya nyumba ya kina Rébecca. Baadaye habari ikaja kwamba mtumbwi umezama na hakuna aliyepona.

Ukoo wao una desturi yake. Mtu akipotelea majini asionekane, hukatwa shina la mgomba, likafungwa shuka, likazikwa kwa kilio kamili, ili roho iache kutangatanga. Mama Adèle, mzazi wa Clarisse, alizika shina nyuma ya nyumba. Rébecca alinyolewa nywele kama ndugu. Alikisukuma kile kiatu ndani ya shuka, kisha yeye ndiye aliyetupa udongo wa kwanza.

Akakua na kaburi lile. Alilipalilia. Alipochumbiwa na Prudent alikwenda kulieleza. Alipompoteza mtoto wake wa kwanza alilala juu ya kaburi hilo kutwa nzima. Mimi niliyesoma chuo sikuwahi kumwambia kwamba anaongea na mgomba.

Na sasa mgomba ule ulikuwa umesimama mbele yetu, umenenepa, una pengo la jino.

"Beka, mbona unaniangalia vile? Ulikuwa unaniibia ku nzango, leo unaniogopa?"

Rébecca alimgusa shavu haraka, kama mtu anayejaribu moto wa pasi. "Siye tulikuzika."

"Najua. Watu wa Bunia waliniambia kule Uganda. Njo maana sikurudia."

Alieleza taratibu. Mvuvi alimtoa majini, shangazi hakuonekana. Habari ya kilio ilimfikia angali mtoto, na bibi yake alikuwa amemfundisha kwamba aliyeliliwa akikanyaga kizingiti cha kwao, anamvuta mama yake kaburini. Akakaa mbali ili mama aishi. Sasa alikuwa amesikia mama amedhoofika.

"Nataka anione tu. Hata toka inje."

Tulikwenda. Clarisse alibaki barabarani, nyuma ya ua wa miti, mahali ambapo aliona hadi nyuma ya nyumba. Mama Adèle alitusikiliza kitandani bila kugeuza uso.

"Mutoto wangu iko nyuma ya nyumba," alisema. "Kama huyu wa inje njo yeye, ule wa ndani atoke kwanza. Na atolewe na mwenye alimufunika."

Wengine waliomfunika wamekufa au wamehama. Alibaki Rébecca tu. Alichukua jembe, akasimama nalo. Nilidhani ni hofu.

"Yaya," aliniambia kwa sauti ndogo, "nikifungua hapa, nitakuwa naongea na nani?"

"Na yeye. Si iko pale?"

"Ule? Ule mwanamuke simujui."

Hata hivyo akachimba. Udongo mweusi, laini; hakuna shina, hakuna shuka, hakuna hata uzi. Kisha jembe likagusa kitu, naye akakitoa kwa vidole: kiatu cha plastiki, chekundu bado, cha mguu wa mtoto.

Clarisse alikiona kupitia ua. Alipiga yowe, akaanguka palepale njiani, akajililia mwenyewe kama tulivyomlilia sisi. Sauti yake ilianza juu, ikakatika, ikarudi na kwikwi.

Ndani, kitanda kikalia. Mama Adèle akatokea mlangoni, miguu mitupu, akishikilia ukuta.

"Njo vile alikuwa analia," alisema. "Tangu kuzaliwa. Ananyamaza katikati kama mwenye amesahau." Akapaza sauti: "Weye! Ingia! Utalia ku barabara kama hauna kwenu?"

Clarisse akavuka kizingiti. Wote tulimkodolea macho mama yule, tukingoja aanguke. Hakuanguka. Alimkamata binti yake sikio, akalishikilia, akakataa kuliachia.

Majirani wakajaa. Nilimkuta Rébecca nyuma ya nyumba, ameketi kando ya shimo tupu.

"Beka!" Clarisse aliita kutoka ndani. "Beka, uko wapi?"

Rébecca hakuinuka. Alikuwa amekivaa kile kiatu mkononi, anagonga nacho udongo, polepole, kwa mapigo ya nzango.