Tulichokiona Kisimani Getanuwas

Nilizaliwa Gendabi wakati Hanang ikiwa bado chini ya mkoa wa Arusha, na nilipojifunza kuandika anwani ya shule tayari tulikuwa Manyara. Baba alikuwa fundi wa kombaini za kuvunia kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Mashamba yalipobinafsishwa, yeye na wenzake wengi walirudishwa nyumbani, na alichorudi nacho ni spana zake na ukimya. Alilima mahindi na mbaazi kama majirani, lakini mashine yoyote iliyoharibika kuanzia kwetu mpaka Hirbadaw ililetwa uani petu. Mimi ndiye niliyekaa pembeni yake nikimpa spana. Ndiyo maana nilisoma uhandisi. Sikuwa na sababu nyingine kubwa kuliko hiyo.

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni Dar es Salaam, tulitakiwa kwenda fildi wakati wa likizo ndefu. Wenzangu wengi walipata viwanda vya saruji na vya bia. Mimi nilipokelewa na kampuni changa ya roboti mjini Arusha, iliyokuwa imepanga ghala la zamani la kahawa. Tulikuwa wanafunzi wawili tu, mimi na mwenzangu wa chuo, kijana wa Tanga, mpole, mwenye vidole vyepesi kwenye nyaya na aliyeteswa sana na baridi.

Nyumbani, nilipowaambia naenda kutengeneza roboti, mdogo wangu aliuliza kama zinatembea na kuongea. Ile tuliyoikuta haikuwa na kichwa. Ilikuwa bomba pana la chuma lenye miguu sita ya kujikaza kwenye kuta, kamera na taa chini, ikining'inia kwa waya wa winchi. Kazi yake ilikuwa kuingia visimani na kwenye mabomba makubwa kabla ya binadamu, ili anayetaka kuingia ajue anaingia wapi. Karakana nzima waliiita mjusi. Ilikuwa moja tu, na miguu yake ilikuwa inateleza. Sisi wawili tulipewa kazi ya kuitengenezea miguu mipya.

Msimamizi wetu alikuwa mama wa makamo, mhandisi, mzaliwa wa Bukoba. Hakupandisha sauti hata siku moja, na bado tulimwogopa. Ukimwambia, "Mama, mota imeungua," atakuuliza, "Umeiona, au unadhani?" Basi unafungua mota, unaikuta nzima, na tatizo ni waya uliokatika mahali pengine kabisa. Wiki za mwanzo nilimchukia kimoyomoyo. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, nimezoea kujibu haraka na kusifiwa. Polepole tukazoea kusema mambo kwa vipande viwili, tukianza na tulichoona, kisha tunachodhani, na kati yake tunanyamaza kidogo. Kijana wa Tanga alisema sasa hata akimpigia mama yake simu anaongea hivyo, na mama yake anadhani amepata matatizo.

Mwezi wa nane tulibeba mjusi kwenye pikapu tukaenda naye Hanang kumjaribu. Msimamizi alichagua kwetu kwa sababu kiangazi kilikuwa kikali, maji yameshuka, na watu wengi walikuwa wanavichimba visima vyao viende chini zaidi. Tulifikia nyumbani. Mama aliwapa wageni chumba chetu, na kijana wa Tanga akapewa blanketi mbili na bado asubuhi alitoka midomo imepauka. Tulianza na kisima cha shule, kisha cha zahanati. Miguu mipya ilishika. Nakumbuka baba alisimama nyuma yangu akitazama skrini, kisha akaenda kutafuta kiti akarudi kukaa.

Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai, simu ya baba ikaita. Ni mwenyekiti wa kijiji. Kisima kilikuwa kimemfukia mtu huko Getanuwas, kwenye boma la mzee mmoja mfugaji, na amesikia tuna mashine inayoona chini. Msimamizi aliweka kikombe chini na kuomba funguo za gari. Njiani alituambia jambo moja tu, kwamba mashine ile haikutengenezwa kuokoa mtu, na tusimwahidi yeyote kitu.

Aliyefukiwa nilimfahamu. Alikuwa mchimba visima wa Gendabi, mtu wa makamo, Mkristo, ndiye aliyechimba kisima cha kanisa letu. Yule mzee alimwita aongeze kina kwa sababu ng'ombe wake walikuwa wanakosa maji. Alishuka alfajiri. Mdogo wake ndiye aliyekuwa juu akivuta ndoo za udongo, kama walivyofanya miaka yote. Mchanga ulimwagika kutoka katikati ya ukuta, si juu wala chini, na kamba ikanasa.

Tulikuta watu wamezunguka mdomo wa kisima, wakulima upande huu, wafugaji na mashuka yao upande ule. Tuliwaamkia wazee, na hata siku hiyo waliitikia. Yule mdogo mtu alikuwa ameshajifunga kamba ya pili kiunoni. Alisema ameisikia kamba ya kaka yake ikivutwa. Wengine walisema nao wameisikia. Wengine walitazama chini.

Msimamizi aliomba kwanza tushushe mashine, na mwenyekiti akamshika yule ndugu mkono ili asubiri. Kijana wa Tanga alikaa kwenye winchi. Mimi nilipewa skrini, si kwa sababu nilijua zaidi, bali kwa sababu ndugu wa aliyefukiwa walikuwa Wairaqw kama sisi wa nyumbani, na mimi peke yangu kati yetu watatu ningeweza kuwajibu kwa lugha yao.

Sitasahau jinsi watu walivyosogea nyuma ya mabega yangu. Udongo mwekundu ulipita, kisha mawe, kisha tukafika penye mchanga. Pale ukuta ulikuwa umeliwa, na juu ya shimo lile mchanga uliobaki ulikuwa umening'inia kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Nilimwambia msimamizi nilichoona, akaagiza miguu isiguse pale kabisa, mjusi ashuke kwa waya tu. Tukafika chini. Kulikuwa na kifusi chenye unyevu, mpini wa sururu, na mkono wa mtu kuanzia kwenye kiwiko. Kiganja kilikuwa kimeelekea juu, vidole vimefunguka.

Mdogo mtu aliuliza kwa Kiiraqw, "Unamwona?"

"Naona mkono wake, kaka. Kuanzia kwenye kiwiko. Hautikisiki."

"Basi amekufa."

"Hilo sijaliona. Nimeona mkono."

Alichungulia skrini mwenyewe. Kisha akasogea ukingoni na kuwaambia walioshika kamba wamshushe. Msimamizi aliniuliza anasemaje, nikamwambia. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwonyeshe ukuta. Ni haki yake kuuona."

Nilimrudisha mjusi juu kidogo, nikamwita yule ndugu, nikamwonyesha ule mchanga ulioning'inia. Alitazama muda mrefu.

"Ni ndugu yangu," alisema.

"Najua. Ukishuka, huu utakuwa juu ya kichwa chako. Mama yenu anaweza kuzika wawili."

"Umejuaje utaanguka? Chuoni wamekufundisha?"

Nilimjibu kwamba mchanga nimeuona, na kuanguka kwake nadhani tu. Sikuwa na jingine la kumpa. Nilijua kabisa kwamba nikisema "nina hakika" atanisikiliza zaidi, na nilijua pia kwamba sina hakika hiyo.

Aliyemaliza shauri ni yule mzee mwenye boma. Alikuwa amekaa pembeni muda wote na fimbo yake. Alikwenda akakaa juu ya kamba ya yule ndugu, pale chini, kwenye vumbi, uzito wake wote, na jirani yake akatafsiri maneno yake: "Kisima ni changu. Mtu wa pili hataingia mpaka ukuta ushikwe." Kisha akawaambia vijana wake kitu kwa lugha yao, nao wakaenda kwenye zizi wakaanza kung'oa nguzo. Walikuwa wanabomoa zizi la ng'ombe wao, magogo ya mgunga yaliyokaa pale miaka, ili yapatikane ya kuzuia kuta. Baba yangu alivua koti akawafuata. Wakulima wengine wakamfuata baba.

Sisi tulimrudisha mjusi chini, tukaiacha taa yake imulike ule mkono. Msimamizi alisema tutaitazama skrini bila kuiacha, na kidole kimoja kikitikisika tumwambie. Tulipokezana, mimi na kijana wa Tanga. Nilikuwa nikikodoa macho mpaka naanza kuona vidole vinasogea, kisha napepesa, naviona viko vilevile. Kila mara nilijiuliza kama nimeona au natamani. Yule ndugu alisimama karibu nasi. Hakuwa na hasira tena, au kama alikuwa nayo aliiweka mahali.

Magogo ya kwanza yalikuwa yanaburutwa kuelekea kisimani, ndipo tukasikia kishindo chini ya miguu. Waya wa winchi ulivutwa ukakaza, kisha ukalegea. Vumbi likatoka mdomoni mwa kisima kama moshi. Skrini ilikuwa nyeusi.

Yule ndugu aliishika kamba iliyokuwa bado kiunoni mwake, akaitazama, akakaa chini. Kijana wa Tanga alinong'ona, "Mjusi wetu." Msimamizi alimwekea mkono begani. Ile ndiyo mashine pekee waliyokuwa nayo, na kampuni yenyewe ilikuwa inaitegemea. Alichosema ni, "Zima umeme. Nendeni mkabebe magogo."

Tulibeba. Nilijifunza siku ile kwamba gogo la mgunga ni zito kama chuma. Ukuta ulishikwa hatua kwa hatua, na baba na wazee waliojua mbao, na msimamizi aliyepima kila pembe, na kesho yake mchana mdogo mtu ndiye aliyeshuka, na ndiye aliyempandisha kaka yake. Walimlaza juu ya shuka la mmoja wa wale wafugaji. Mashine nayo ilitoka baadaye, imepondeka, miguu yetu sita imekunjwa ndani. Usiku ule wa kushika ukuta ng'ombe wa mzee walilala nje, vijana wakiwalinda kwa moto. Sikusikia mtu wa boma lile akilalamika.

Mazishi yalikuwa Gendabi. Wafugaji walikuja, wengi wao hawakuwa waumini, wakasimama nyuma ya makaburi mpaka katekista alipomaliza, kisha nao wakaja kutupa udongo. Mzee alileta ndama jike akamkabidhi mama wa marehemu bila hotuba.

Siku ya pili ya matanga mama huyo aliniita ndani. Nilimwamkia, akaitikia, akanikalisha kando yake kwenye mkeka. Alikuwa mzee sana, macho yake hayaoni vizuri. Alinishika kiganja.

"Wanasema wewe ndiye uliyemwona mwanangu kule chini."

"Ndiyo, bibi. Niliona mkono wake."

"Mkono ulikuwaje? Ulikuwa umekunjwa?"

"Hapana. Ulikuwa umefunguka. Hivi."

Nikafungua kiganja changu ndani ya kiganja chake. Alikipapasa kidole kwa kidole. Nilitaka sana kumwambia kwamba hakuteseka, kwamba ilikuwa haraka. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini sikuwa nimeliona hilo, na nilihisi kwamba nikimpa uongo mmoja, hata ule mkono nilioona kweli utakuwa si wa kuaminika tena. Nikanyamaza. Yeye akasema, "Asante. Wengine wote wananiambia mambo ya mbinguni." Kisha akaagiza niletewe chai.

Tulirudi chuoni, tukasimama mbele ya walimu kueleza tumepata nini fildi. Kijana wa Tanga alieleza miguu na mota, akaeleza vizuri. Mimi nilieleza kamera. Mwalimu mmoja akauliza mashine iko wapi ili waione ikifanya kazi. Tulitazamana. Mwenzangu akasema ilifukiwa kisimani, na darasa likacheka, kwa kuwa hawakujua. Hatukuwalaumu. Tulikaa nje baadaye kwenye ngazi, na mpaka leo yeye ni kama ndugu yangu.

Kampuni ilikaribia kufa mwaka ule, haikufa. Msimamizi alitengeneza mjusi wa pili, na nilipomaliza shule nikaenda kufanya kazi kwake. Siku hizi hatungojei ajali. Mchimbaji akitaka kuongeza kina, tunamtazamia kuta kwanza, kisha yeye ndiye anayeamua. Wako walioziona kuta mbaya na bado wakashuka. Mara nyingi walitoka salama.

Mdogo mtu hachimbi tena. Anatengeneza ringi za zege za kuzungushia visima, hapo Gendabi, karibu na njia. Ya kwanza aliyotengeneza aliipeleka Getanuwas kwa yule mzee. Nikipita tunasalimiana, ananiuliza habari za kazi, namuuliza habari za mvua. Siku moja tu, miaka ilipopita, aliniambia jambo akiwa anamwagia maji zege jipya, hakuinua kichwa. Alisema ile kamba aliyoisikia ikivutwa asubuhi ile, bado anaisikia mikononi, na anataka kujua kama ilikuwa kweli.

Nilimwambia sijui, kwa kuwa hatukuwa tumefika. Alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kumwaga maji.