Nilinunua saloon ya turbo ya kuendesha weekend tu, sasa Jumamosi zangu si zangu tena

Wakuu, natumai mko salama huko mliko.

Mimi huwa nasoma tu nyuzi zenu na kupita kimya kimya. Leo nimeona niandike kwa sababu kuna jambo limenichanganya na nimeshindwa kulimaliza peke yangu. Sijaongeza chumvi. Jina la gari sitataja, maana nikitaja tu mtaacha story mwanze kupigana kuhusu gani ni noma kuliko gani.

Kwanza mnijue kidogo.

Nafanya kazi ya maabara kwa hospitali fulani Embu town. Kwetu ni Kibugu, juu kule kwa majani chai. Nina bibi na watoto, na kagari kadogo ka kwenda kazi, kale ka kubeba kila kitu hadi mbolea.

Lakini tangu nikiwa kijana nilikuwa na ugonjwa mmoja. Nilitaka saloon ya Kijapani yenye nguvu. Manual, turbo, ile ukikanyaga kiti kinakusukuma mgongo. Si ya kazi. Ya weekend tu.

Mwaka jana nikaipata kwa yard moja Nairobi. Ya blue, spoiler kubwa nyuma, exhaust ya sauti nzito. Imetunzwa vizuri. Fundi wangu akaikagua, karatasi zikawa sawa, nikaileta nyumbani.

Mzee wangu aliizunguka akiwa ameshika mikono nyuma, halafu akaniuliza inaweza kubeba magunia ngapi ya majani. Nikamwambia haibebi. Akaingia kwa nyumba, na hajawahi kuniuliza tena kuhusu hiyo gari.

Sasa wale mnaojua barabara ya Embu kwenda Meru mnajua ile ni barabara ya mtu anayependa kuendesha. Ukitoka Runyenjes unaanza kushuka mabonde na kupanda, kona baada ya kona, mto Thuci, Chuka, Chogoria, mpaka Nkubu. Jumamosi asubuhi mapema, ukitii speed za pale na ukichunga bampu, hakuna raha kama hiyo. Naenda hadi Meru, nakunywa chai, narudi. Hiyo tu. Bibi alikuwa anashangaa mtu anaendeshaje masaa yote hayo kwenda kunywa chai. Mimi nilikuwa natoka kule nimepona mambo yote ya wiki.

Shida ilianza Jumamosi ya kwanza kabisa, ila sikujua ni shida.

Nikikaribia Nkubu, watu wa nduthi kwa stage, juu ya pikipiki zao, wananiinulia mikono. Nikafikiri wanapenda gari. Mbele kidogo mama wa ndizi ananipungia. Nikaingia petrol station Meru, jamaa wa pump akakuja akicheka, akachungulia ndani, kicheko kikaisha. Akaniuliza, "Kwani Mutwiri amerudi?"

Nikamwambia simjui Mutwiri.

Akaangalia gari, akaniangalia mimi, akaweka mafuta. Nilitoka hapo nikijisikia kama mwizi.

Halafu kulikuwa na huyu mama.

Kabla ya Nkubu kuna njia ya murram inatoka kushoto. Pale kwa junction kila Jumamosi nilikuwa namwona mama mzee kiasi, amevaa vizuri, kitambaa cheupe kwa kichwa, mkoba mkononi, fimbo. Nikikaribia anainua mkono. Nikajua anatafuta lift. Mimi na hiyo gari sikuwa na mpango wa lift, wakuu. Nilikuwa napita. Kwa kioo namwona bado ameinua mkono, halafu anaushusha pole pole.

Hiyo ilijirudia Jumamosi kadhaa. Kitu kilichonisumbua ni kwamba siku moja kulikuwa na matatu nyuma yangu, na hakuisimamisha. Alikuwa anasimamisha mimi.

Wiki iliyofuata nikasimama.

Hakuniuliza ninaenda wapi. Alifungua mlango wa nyuma, akaweka fimbo, akaketi, akafunga. Akasema, "Umechelewa sana kijana yangu. Hizo siku zingine ulikuwa unanipita, kwani Mutwiri hakukuambia ni mimi?"

Nikauliza tu tunaenda wapi.

Akasema kanisa. Wao husali Jumamosi.

Njiani ndio nikaelewa kidogo kidogo, kwa sababu yeye alikuwa anaongea na mimi nasema tu eeh. Mutwiri ni kijana wake. Gari ilikuwa yake. Baba yao alipoaga dunia, Mutwiri ndiye alikuwa anakuja kila Jumamosi kumpeleka mama kanisa, maana mguu mmoja haufanyi kazi vizuri na kile kilima cha kwenda kanisani ni kirefu. Baadaye akapata kazi Gulf. Mama akamwambia hawezi kumruhusu aende, nani atampeleka? Mutwiri akamwambia asijali. Gari amemwachia rafiki yake wa karibu sana kutoka Embu, na huyo rafiki atakuwa anampitia Jumamosi. Atamsikia kabla hata ya kumwona, kwa ile exhaust.

Rafiki wa Embu. Number plate ni ile ile, sauti ni ile ile, na kweli mimi ni mtu wa Embu.

Wakuu, mimi gari nilinunua kwa yard. Mutwiri sijawahi kumwona hata kwa picha.

Tulipofika kanisani watu walikuwa wamesimama nje. Kumbe mama alikuwa amewaambia wote kwamba rafiki ya mtoto wake anakuja kumchukua, na hao watu walikuwa wakisikia gari ikinguruma huko chini ikipita, na mama haji. Mmoja alinishika mkono akasema, "Tulikuwa tunashangaa wewe ni rafiki wa namna gani." Nikaingizwa ndani na short yangu na kofia. Mzee wa kanisa akaniombea akiniita rafiki wa Mutwiri. Mchana nikapewa sahani ya mukimo.

Nilirudi Embu nikiendesha kama mtu amebeba mayai.

Nikamwambia bibi yangu yote. Yeye tayari alikuwa anashuku nina mtu Meru, kwa hivyo kwanza akacheka kwa kusikia ni mama wa kanisa. Halafu akaniuliza, "Na kama alikuwa anasimama hapo na mvua?"

Nikatoka nje na simu yangu.

Nilikuwa nimechukua number ya Mutwiri kutoka kwa ile simu ndogo ya mama, kabambe. Nikamtumia message, akanipigia saa hiyo hiyo. Kijana mpole, sauti ya mtu amechoka. Akaniambia ukweli bila kuzunguka. Gari alimuuzia broker ili asafiri. Hakukuwa na rafiki yeyote. Alimwambia mama hiyo story siku ya airport ikikaribia, ili mama amwache aende bila kulia. Akafikiri gari itaenda mbali, pengine Eldoret, pengine Pwani, na mama atazoea taratibu kwamba huyo rafiki hakuja.

"Sikujua itarudi kwa barabara ya nyumbani, bro," akasema. "Usimwambie niliuza. Tafadhali."

Sikumwahidi kitu. Lakini Jumamosi nikasimama pale junction. Na nyingine tena. Mama anaketi nyuma, ananiuliza Mutwiri alikuwaje shuleni, tulijuana wapi, na mimi najibu nusu nusu. Nikifika kwake huwa naacha injini iwake kidogo kabla ya kuzima, ni kawaida ya turbo, ipoe. Yeye akifikiri nina haraka ya kuondoka, anaomba msamaha kwa kunichelewesha.

Hiyo ndio ilinishinda. Mtu anakuomba msamaha na wewe ndiye unamdanganya.

Siku moja nikasimamisha gari karibu na factory ya kahawa, kabla ya kupanda kile kilima. Nikamwambia, mama, mimi simjui Mutwiri. Gari niliinunua Nairobi. Nimeongea naye mara moja tu kwa simu, na ni baada ya wewe kupanda hapa.

Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Kwa hivyo alinidanganya."

"Ndio, mama."

"Na wewe ulisimama kwa nini?"

Nikasema, "Uliinua mkono."

Akaniambia nimrudishe nyumbani. Hakuenda kanisa siku hiyo. Alishuka, akashukuru, akaingia ndani akiburuta mguu, na mimi nikabaki kwa gate na injini inanguruma, sijui kama nimefanya vizuri ama nimevunja kitu.

Jumamosi iliyofuata hakuwa kwa junction.

Nilipaswa kufurahi, si ndio? Barabara yangu imerudi. Nikaendesha hadi Meru. Kona ni zile zile, gear zinaingia vizuri, turbo inaamka vile ilikuwa inaamka. Lakini nilikuwa naangalia kioo cha nyuma kila saa na hakuna mtu ameketi hapo. Chai ya Meru nikaiacha nusu.

Bibi akaniuliza, "Ulikuwa unataka akushukuru kwa kumwambia?" Nikasema sivyo. Lakini hata mimi sijui nilikuwa nataka nini.

Wiki ile nyingine sikupita. Nilikata kushoto nikaingia ile murram ya kwenda kwake. Gari iko chini sana, nikasikia tena bumper ya mbele ikikwaruza mawe na roho ikaniuma, nikaendelea tu.

Nilimkuta mama ameshavaa. Kitambaa cheupe, mkoba, fimbo, ameketi kwa kiti nje ya mlango. Akaniambia, "Ulipotea."

Mimi ndiye nilipotea, wakuu.

Akapanda. Safari hii akaketi mbele, bila kuniuliza. Tulipofika lami ndio akaongea. Mutwiri alikuwa amempigia katikati ya wiki, akauliza kama rafiki yake bado anakuja. Mama akamjibu, "Ndio, anakuja, na anaendesha polepole kukushinda."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia anajua.

Akasema kule aliko ni mbali na kazi yake si rahisi. Akijua mama yake anajua, hatapata usingizi. "Wacha akae na hiyo yake," akasema. "Na wewe usimwambie."

Sasa niangalieni. Kijana ameniomba nisimwambie mama. Mama ameniomba nisimwambie kijana. Kila mmoja anamlinda mwenzake kutoka kwa kitu ambacho wote wanakijua, na mimi ambaye si ndugu wa yeyote ndiye niko na siri za pande zote mbili. Nilienda kutafuta gari tu.

Jumamosi iliyopita ndio ilinimaliza kabisa.

Tulikuwa njiani, simu ya mama ikalia. Mutwiri. Mama akaweka loudspeaker. Kijana akasalimia, akauliza kama rafiki yake yuko hapo. Nikasema niko. Akaanza kuniongelesha kwa nguvu kama tulilelewa pamoja, nikajua anafanya hivyo ili mama asikie. Halafu akasema, "Wee, unakumbuka ile siku tulikwama Thuci na mvua?"

Nikaangalia mama. Mama alikuwa anaangalia barabara mbele.

Nikasema, "Nakumbuka."

Mutwiri akacheka, akasema, "Wewe ndiye ulisukuma gari peke yako." Nikasema, "Ndio, na wewe ulikaa ndani na heater." Hata sijui hayo maneno yalitoka wapi.

Hapo mama akasogeza mdomo karibu na simu, akasema kwa utaratibu, "Na mlikuja nyumbani mmelowa kabisa, mkakula chakula yangu yote."

Halafu Mutwiri akasema, "Ndio mama. Tulikula yote." Na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nilipunguza speed. Tukapanda kile kilima pole pole hadi kanisani.

Wakuu, funzo langu ni hili, kama ni funzo. Ukinunua gari iliyotumika, kagua injini, kagua turbo, kagua logbook, lakini uliza pia ilikuwa inapeleka nani wapi. Hilo fundi hawezi kukuambia.

Sasa nishaurini, hasa nyinyi mmeishi miaka mingi kuliko mimi. Sijui kama Mutwiri tayari ameshajua kwamba mama anajua. Sijui kama nimwambie. Sijui kama nimekuwa rafiki wa huyo kijana kweli ama bado naigiza. Hata bibi yangu, ambaye hukosa jibu mara chache sana, amesema hajui.

Nipigeni mawe, nipeni maoni, yote nitasoma. Ila mtu asiniambie niuze gari.