Matumbawe ya Kupigwa Bandi

Mpaka anatimiza miaka hamsini na ushei, fundi huyu hakuwa amewahi kuingia baharini kupita magoti. Bahari aliijua kama watu wengi wa mjini wanavyoijua: upepo wa chumvi unaozitia kutu sindano, na mchanga ambao wateja huuacha mlangoni. Maisha yake yalikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye cherehani mbili, pasi nzito, kioo kirefu kilichopasuka pembeni na majora ya vitambaa yaliyosimamishwa ukutani kama watu wanaosubiri zamu. Wote walimwita Fundi, hata mumewe. Na kwa kuwa mumewe naye alitengeneza friji, mtu akipiga hodi na kuita "Fundi!" waliitika wote wawili, kisha wakaanza kubishana nani ndiye aliyeitwa.

Jina lake lilivuma kwa magauni ya harusi. Zilipoingia nguo za tayari, maharusi wakapungua, naye akahamia kwenye sare za shule na mapazia bila kunung'unika.

"Mikono hii haijawahi kulala," alimwambia mumewe, "na haitaanza leo."

Adhuhuri moja wifi yake, yaani mdogo wa kike wa mumewe, aliingia dukani na vidole viwili vimegandana kwa gundi. Huyu alikuwa mtaalamu wa viumbe vya baharini, na alisimamia kituo cha kulea matumbawe pembezoni mwa mji. Meli ilikuwa imeburura nanga juu ya mwamba wakati wa dhoruba, ikaacha sehemu kubwa tupu kama kichwa kilichonyolewa, na kituo kilipewa kazi ya kuipandikiza upya.

"Wifi, nikupake mafuta au nikuache hivyo hivyo, upunguze kunyooshea watu vidole?" Fundi aliuliza huku akitafuta chupa ya mafuta ya cherehani.

"Cheka tu. Matumbawe magumu hayanisumbui, gundi inayashika. Haya laini ndiyo yananitoa jasho. Yana ute. Nikiyabandika kwenye jiwe yanateleza, nikiyafunga na mpira yanapenya na kutoka. Asubuhi nayakuta yanaelea tangini."

"Mbona hujayashona?"

Wifi alimtazama. Fundi alikuwa ametania, lakini alipoliona lile jicho alijua keshajitia kazini.

Kituo kilikuwa na matangi ya zege chini ya paa la plastiki linalopitisha mwanga, na pampu zilikoroma mchana kutwa kama wazee waliokula wakashiba. Fundi alifika na mkoba wake wa kazi. Alitarajia kuona mawe. Alichokiona kilimfanya ainame hadi pua ikakaribia maji: vitu kama uyoga mkubwa wa ngozi, vingine kama vidole, vingine kama vichaka vya waridi, vyote vikiyumba taratibu. Juu yake kulikuwa na maelfu ya vinywa vidogo, kila kimoja na mikono minane yenye manyoya, vikifunguka na kujifunga.

"Ni mnyama huyu," wifi alimweleza. "Hana mifupa ya mawe kama wenzake. Ndani ana vijiti vidogo vidogo vya chokaa tu, ndiyo maana anainama na maji."

Kisha akavaa glavu, akachukua wembe na kukata kipande cha ule uyoga kama anayekata keki. Fundi alishika kifua.

"Wifi! Si umesema ni mnyama?"

"Ndivyo anavyozaliana. Hapa patapona, na kipande hiki kitakuwa tumbawe zima."

"Unamkata, anakuwa wawili?" Fundi alisimama akitafakari. "Mungu wangu. Ningekuwa na kitambaa cha namna hii ningekata gauni moja tu maishani."

Siku ile alishona vipande kwenye vijiwe vilivyotobolewa, kwa uzi wa nailoni, akiukaza kama anayeshona vifungo vya koti. Kazi ilipendeza. Kesho yake waliporudi, nusu ya vipande vilikuwa vimekatwa na uzi ule ule na kuelea juu ya maji, vimesinyaa.

Mwingine angekunja mkoba wake na kwenda zake. Fundi alivuta kigoda, akakiokota kipande kimoja na kukiminya kidogo baina ya vidole.

"Kosa langu," alisema. "Nimemshona kama turubai, naye ni hariri. Hariri huikazi, unaipigia bandi." Bandi ni ule mshono mlegevu wa muda ambao fundi huushikizia kitambaa kabla ya kushona kwa kweli, kisha huufumua. "Niambie, yeye mwenyewe hujishika kwenye jiwe baada ya muda gani?"

"Wiki chache, akitulia."

"Basi uzi wangu kazi yake ni kumtuliza tu. Na nani atazama kwenda kuufumua? Tutumie wa pamba, uoze wenyewe."

"Uzi ukioza haraka mno?"

"Ndipo utakaponitukana. Haya, lete kipande."

Wifi alileta kipande, pamoja na ushauri: sindano ipite kwenye shina lililo nene, si kwenye kofia yenye vinywa. Mmoja alijua mwili, mwingine mshono, na kati ya maarifa hayo mawili vipande vikakaa. Wiki zilipita, nyuzi zikawa za kijani, zikaoza na kuanguka. Fundi alikitikisa kijiwe kimoja ndani ya maji. Tumbawe liliyumba na kubaki pale pale.

"Limeshika," alisema, na sauti yake ilimponyoka ikawa kubwa kushinda pampu.

Tangu hapo alifunga duka siku mbili kila wiki. Mumewe alipata cha kusema.

"Ndugu zangu," aliwaambia wateja wake wa friji, "mke wangu sasa anawashonea samaki. Mkiona changu amevaa suti msishangae."

Wageni walianza kujaa tangini. Kaa wadogo kama kifungo cha shati walijibanza kwenye matawi. Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota mwenye mikono myembamba kama nyuzi, alijizungusha kwenye shina. Akaja konokono mmoja, aliyeingia na jiwe kutoka baharini: gamba jeupe kama kikombe cha kaure, akatandaza juu yake joho jeusi lenye madoa ya manjano. Fundi alimpenda mara moja. Alimwita Bwana Harusi, akamwacha astarehe.

Baada ya siku chache matumbawe ya kona ile yalikuwa na mashimo kama sweta lililoliwa na nondo. Wifi alikuwa safarini kikazi, na aliporudi hakuhitaji kuuliza.

"Bwana Harusi wako anakula mahari," alisema. "Huyu chakula chake ni tumbawe laini. Hali kingine."

Fundi alimtoa yule konokono na kumtia kwenye ndoo, uso umekunjamana. Kijana aliyesimamia pampu za kituo akapendekeza wamtupe kwenye lami afe.

"Hakuna kumtupa mtu," Fundi alisema. "Kwani kosa lake nini? Kakaribishwa karamuni, kala. Kule mwambani kuna matumbawe makubwa, atakula na hayatamalizika. Si eti, wifi?"

"Ni kweli. Na yeye ni mwenyeji kule kama wengine."

"Basi tumrudishe kwao. Na hivi vitoto nitavishona tena."

Alivishona tena, kila kimoja, akipiga mluzi.

Wakati wa kuvipeleka mwambani ulipowadia, wifi alimwambia kwamba wapiga mbizi wangetosha.

"Nimeshona magauni maisha yangu yote," Fundi alimjibu, "na hakuna bibi harusi niliyemtuma kanisani bila kumwona amevaa. Nifundishe kuogelea."

Alifundishwa kwenye maji ya kina kifupi, akameza chumvi, akakohoa, akamsingizia wifi kwamba anataka kurithi cherehani. Lakini mwili ulikubali, na kufikia hapo vipande vilikuwa vimeshakaa mwambani miezi kadhaa. Siku moja ya maji matulivu alilala kifudifudi juu ya mwamba akiwa na miwani, mrija wa kupumulia na boya la kushikilia, akatazama chini.

Pale palipokuwa kipara palikuwa pamefunikwa. Mashina ya matumbawe yake yalikuwa yamenenepa kupita ya tangini, yakiinama na kuinuka kwa pamoja maji yalipopita. Samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mikanda myeupe walijisugua kwenye kofia ya tumbawe kama watoto kwenye blanketi. Ngisi aliganda katikati ya matawi ya waridi, akabadili rangi mpaka Fundi akampoteza, na alipompata tena aliona kwamba anapachika mayai, moja moja, mahali ambapo samaki hawezi kuingiza mdomo. Fundi alitaka kumwita mtu. Alipiga kelele ndani ya mrija, na wifi, akidhani anazama, alimvuta juu kwa nguvu zake zote.

"Niache!" Fundi alisema, maji yakimtoka puani. "Kuna mama anajifungua!"

Siku hizi kituo kina mafundi wengine wanne, wote wa nguo, wote aliowafundisha yeye bandi ya kulegea. Juzi mteja alikuja na pazia, akaomba liwe tayari kesho.

"Keshokutwa," Fundi alisema, tayari ameshika mkoba. "Kesho maji yanakupwa asubuhi, nina watu wangu wa kuwaona."

Mteja aliuliza kama watu hao ni wa ukoo. Kutoka uani, mumewe alimjibu kwa sauti kwamba ndiyo, na ni wengi mno, wala hakuna hata mmoja anayelipa.