Mikorosho ya Bi Mwanahawa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kisarawe, nilikabidhiwa hadubini na mikebe kumi na miwili ya makohozi nitafute wadudu wa kifua kikuu. Mkuu wa Maabara, mtu mkali asiyecheka, aliniambia, "Andika ulichokiona. Usichokijua usikiandike."

Mkebe mmoja ulikuwa wa Bi Mwanahawa, mjane mkulima wa Msimbu. Alikuwa akikohoa damu, lakini nilimpima mara nne nisione mdudu. Picha ya eksirei ilionyesha uvimbe pafuni, wa mviringo kama limau.

Baadaye Mkuu nami tulihamishiwa Kibaha, kwenye kazi ya kupima vinyofu vya miili ya wagonjwa. Kinyofu cha nyama huloweshwa dawa kisioze, hugandishwa ndani ya nta, kikakatwa chembamba kuliko karatasi ya sigara na kutiwa rangi. Bi Mwanahawa alipasuliwa huko huko. Nikaletewa chupa mbili: uvimbe wenyewe, na tezi ya limfu iliyokuwa kando ya pafu.

Uvimbe ulikuwa mpole, seli zimetulia, hauna fujo za saratani. Nikafurahi. Nikaweka kioo cha tezi chini ya hadubini, nikakuta seli zile zile! Nasi tulifundishwa kwamba uvimbe mpole hausafiri.

"Umechanganya chupa wewe!" Mkuu akafoka.

Bahati nzuri alikuwa ametufundisha mwenyewe kugandisha ndani ya nta kikaratasi chenye namba ya penseli, maana wino huyeyuka. Tukaipasua nta. Namba ilikuwa ya tezi. Akachungulia hadubini mpaka chai yake ikapoa.

"Sijapata kuona," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu.

Daktari Mpasuaji alitaka iandikwe saratani imesambaa. Mkuu akakataa, wakaenda wote kitandani kwa mgonjwa, nami nyuma yao.

"Baba zangu," Bi Mwanahawa akauliza, "nimegawiwa shamba jipya kijijini. Nipande mikorosho, au niwaachie wenye umri mbele yao?"

Mkorosho hula miaka kabla ya kuzaa.

"Mama, kitu hiki kimetembea, ila hakina ukali," Mkuu akajibu. "Mbele kitafanya nini, sijui. Wewe panda. Kila mwaka uje tukupige picha."

Akawa anakuja, na picha safi kila mwaka. Leo nasikia uvimbe wa namna hiyo unajulikana, ni nadra tu, na wengi huishi nao hata ukifika kwenye tezi. Kwa nini unasafiri na huku ni mpole, bado najiuliza.

Siku niliyostaafu Bi Mwanahawa alinijia na kikapu cha korosho za kukaanga.

"Hizi ni za mikorosho ile," akasema. "Mwaka huu nimepanda mingine. Safari hii sikumwuliza mtu."