Leetia Aliizima Picha, Sauti Ikawa Safi

Tik. Kimya. Tik tena.

Ni saa tatu asubuhi, na nje bado ni giza totoro la Januari. Sauti hiyo inatoka juu ya friji, kwenye kisanduku cha intaneti cha Leetia Qappik. Kila kinapoipoteza setilaiti hutoa tik moja, na mwenye nyumba hahitaji kuwasha taa ili ajue kulikoni.

"Theluji imelijaza dishi," anasema, tayari anavuta buti. Anatoka na ufagio. Anarudi nywele za mbele zimeganda, na kisanduku kimenyamaza.

Mezani amekaa binti yake wa miaka mitano, Tulugaq, bado na usingizi.

"Chai, babu?" Leetia anamuuliza.

Mtoto anainua nyusi zote mbili. Mama anammiminia.

"Na mkate?"

Mtoto anakunja pua. Mkate unarudi kwenye mfuko. Hakuna neno lililotoka kinywani mwake, na kila kitu kimesemwa.

Hapa Tasirjuaq, kijiji cha Nunavut katika kaskazini ya Kanada, anayepewa jina la mtu hupewa na nafasi yake. Tulugaq ni jina la babu yake Leetia, ndiyo maana mama anamwita mwanawe babu. Bibi Aaluk, mjane wa mzee huyo, ambaye ndiye aliyemlea Leetia, humwita mtoto "mume wangu". Siku hizi humwita hivyo kwenye skrini, kutoka jiji la kusini ambako alipelekwa Novemba.

Leetia, 34, ni fundi wa simu za kivinjari, yaani simu za video za intaneti. Kijiji hakina daktari wa kudumu, wala mtaalamu wa masikio, wala hakimu. Wote wako kusini, na mtu anayewahitaji hutumiwa kiungo kwenye simu yake. Akikibonyeza, kivinjari kinafunguka, na hapo ndipo balaa linapoanza. Leetia analipwa dola ishirini na sita kwa saa, kwa saa ishirini za wiki, akae kwenye chumba kidogo cha kituo cha afya na kuhakikisha watu wanasikilizana.

"Ugonjwa mkubwa wa hapa ni ile hapana ya kwanza," anasema akicheka. Kivinjari huuliza mara moja tu kama kiruhusiwe kutumia kipaza sauti. Watu wa Tasirjuaq wameshaombwa vitu vingi na wageni. Wanabonyeza hapana, kivinjari kinaikumbuka, na hakiulizi tena. Mtu anaongea peke yake nusu saa. Dawa yake ni kugusa kufuli dogo lililo kando ya anwani, juu ya skrini, na kuigeuza hapana kuwa ndiyo.

Asubuhi hii wa kwanza kufika ni Jopie, mpwa wake, kijana mwenye goti bovu, kompyuta kwapani.

"Shangazi, daktari hanisikii. Hii kitu imekufa."

"Haijafa. Kiungo umekifungulia wapi?"

"Humo humo kwenye ujumbe walionitumia."

"Humo hakipewi kipaza sauti, Jopie. Nimekuambia tangu Krismasi. Kinakili, ukakifungue kwenye kivinjari chenyewe. Na ile michezo yako umeifunga?"

"Nimeifunga."

"Yote?"

Jopie anatazama dari. Leetia anafunga michezo miwili iliyokuwa imekishikilia kipaza sauti, kisha ananyoosha mkono. "Na simu ya mfukoni. Nayo umeingia nayo kwenye kikao, ndiyo maana kuna mwangwi."

"Umejuaje?"

"Nimekusikia ukijijibu. Na bado ulikuwa unabishana."

Jopie anacheka mpaka anakohoa. Daktari anamsikia vizuri kabisa.

Ukutani nyuma ya kiti cha Leetia imebandikwa karatasi ya maelekezo kutoka ofisi ya kusini. Jaribu kivinjari kingine. Vaa vipokea sauti vya masikioni. Funga na ufungue upya. Mstari wa mwisho, unaosema laini ikiwa dhaifu picha izimwe na sauti ibaki, umekatwa kwa kalamu nyekundu, kwa nguvu hadi karatasi ikachanika.

Mstari huo ndio ulioiondoa nyumbani kwake sauti ya bibi.

Aaluk alianguka Septemba akavunjika nyonga. Kijijini kuna nyumba ya wazee yenye vitanda sita, na kimoja kilikuwa wazi. Kuingia kuna sharti moja: mzee aweze kuelewa anachoulizwa na kukijibu. Asiyeweza hupelekwa kusini, kwenye uangalizi wa usiku na mchana, na wengi wa waliopelekwa walirudi kwenye jeneza. Kila familia ya Tasirjuaq inalijua hilo.

Mtathmini, mtu wa kusini anayeamua nani apokelewe, angempima Aaluk kwa simu ya kivinjari, akiwa na mkalimani kwenye laini. Jamaa hawaruhusiwi chumbani, wasije wakamjibia mgonjwa. Leetia akamweka bibi yake mbele ya kamera, akamfunga blanketi magotini, akatoka. Kazi yake ilikuwa kuilinda laini kutoka chumba cha pili, akisikiliza tu.

Siku hiyo upepo ulikuwa mkali. Sauti ikaanza kukatikakatika. Leetia akafanya alichokuwa amekifanya mara nyingi kwa wengine: akaizima picha inayotoka kwa Aaluk ili laini ipumue. Uso wa mtathmini uliendelea kuonekana kwa bibi. Hakuna aliyemwambia kwamba yeye haonekani.

"Sauti ikawa safi kama maji," anasema Leetia. "Haijawahi kuwa safi vile. Nilijisifu moyoni."

Mtathmini akauliza: Mama, unanisikia? Kimya. Una maumivu? Kimya. Unajua kwamba uko kijijini kwenu? Kimya. Ungependa kubaki hapa?

Kwenye chumba cha pili, Leetia alikuwa akipekua mipangilio. Ruhusa ipo. Kipaza sauti kilichochaguliwa ndicho. Hakijanyamazishwa. Vile vistari vya kijani vya sauti vilicheza kila mara bibi alipokohoa, kwa hiyo kipaza sauti kilikuwa kizima. Akawaandikia wafunge kikao na kukifungua upya. Wakafungua, picha bado imezimwa. Maswali yakarudiwa. Pumzi ya Aaluk ilisikika, tulivu, karibu kabisa.

"Nilitafuta kosa kwenye mashine," anasema. "Ndiyo kazi yangu, kutafuta kosa kwenye mashine."

Mtathmini, kwa upole, akasema inatosha.

Jioni ile, Leetia alimwuliza binti yake kama anataka supu ya karibuu, yule kulungu wa kaskazini. Mtoto akainua nyusi. Kijiko kilimtoka Leetia mkononi.

Aliinama kwenye kochi la bibi yake. "Bibi, yule mama wa kwenye kompyuta. Ulimjibu?"

Aaluk akainua nyusi. Kisha, kwa kuwa mjukuu alikuwa analia, akaongeza maneno. "Nilimjibu yote. Yeye akawa anauliza tena na tena. Nikaona labda ana matatizo ya akili, maskini."

Leetia alipiga simu kusini kesho yake. Mtathmini alimsikiliza hadi mwisho. Alisema anasikitika. Alisema pia kwamba hawezi kuandika majibu ambayo hakuyaona, na foleni ya kupimwa upya ni mpaka Aprili. Mgonjwa hawezi kungoja bila uangalizi.

"Akaniuliza kwa nini fundi hakumwambia kwamba wazee wetu hujibu kwa uso," anasema Leetia. "Nikamwambia fundi ni mimi."

Kijijini hawakumwacha hivi hivi. Dadake mama yake, Meeka, alimwambia mbele ya watu dukani: "Wengine walinyang'anywa wazee wao na serikali. Wewe umemzima wako kwa kidole." Wawili hao hawajala pamoja tangu siku hiyo.

Siku aliposafirishwa, kwenye uwanja wa ndege walikizuia kisu cha Aaluk, kile cha mviringo alichokatia nyama tangu alipoolewa. Kiko jikoni kwa Leetia, kimening'inizwa kwenye msumari, hakitumiki. Tiketi ya kwenda kumwona na kurudi ni karibu mshahara wa miezi miwili.

Mchana, kabla ya simu ya bibi, Leetia anafanya kile ambacho anajuta hakukifanya siku ile. Anapiga simu redio ya kijiji.

"Ni Leetia. Saa tisa naongea na Aaluk. Naomba mpumzishe intaneti, picha isikatike."

Redioni mtu anaingia papo hapo. Ni Jopie. "Shangazi, mchezo wangu umebaki kidogo tu kuisha. Nipe dakika kumi."

"Ufunge sasa hivi, au nimtaje hapa hewani msichana uliyempelekea samaki juzi?"

Kicheko kinasikika kutoka studio. "Nimefunga," anasema Jopie. "Kila mtu afunge, tafadhali. Ninawasihi."

Nyumba moja baada ya nyingine zinajiondoa kwenye setilaiti, ambayo kijiji kizima kinaigawana. Meeka naye huzima, anasema mwendeshaji wa redio, ingawa hajawahi kupiga kusema.

Mpango wa Leetia ni huo huo kwa Aprili, bibi atakapopimwa upya kwa simu itakayopitia kituo cha afya cha kijiji. Kijiji kizima kitazima intaneti, dishi litafagiliwa tangu alfajiri, na picha haitaguswa. Ameiomba ofisi ya kusini ibadilishe karatasi ya ukutani kwa vijiji vyote vya kaskazini. Hawajamjibu. Meneja wa nyumba ya wazee amemwahidi kwamba kitanda kikipatikana atamkumbuka Aaluk. Leetia anaamini, kwa sababu, anasema, asipoamini hataweza kukaa kwenye kile kiti kesho.

Saa tisa kamili. Leetia anafungua kivinjari, anaruhusu kipaza sauti, anaruhusu kamera. Tulugaq amepanda mapajani mwake. Uso wa Aaluk unatokea, mwembamba kuliko wiki iliyopita. Nyuma ya kiti chake amesimama muuguzi, anaonekana mikono tu.

"Mume wangu," anasema bibi, taratibu. Halafu basi.

Leetia anamweleza habari za karibuu na za barafu. Mwishowe anauliza analoliuliza kila mara. "Bibi, Aprili watakuuliza tena. Bado unataka kurudi nyumbani?"

Skrini haigandi. Kisanduku hakilii.

"Leo hajibu, dada," inasema sauti ya muuguzi kutoka nyuma. "Nadhani amechoka. Tumwache apumzike?"

Leetia anafungua mdomo amjibu, lakini mtoto anamtangulia. Tulugaq anajisogeza mpaka pua yake inakaribia kipaza sauti.

"Amesema ndiyo."