Wamaitha na Magari Mawili ya Gopal

Mwezi wa sita mwaka 1973, mvua zilipoanza kupungua, katika gereji ya Gopal mjini Nakuru kulikuwa na magari mawili ya kuuzwa, na Wamaitha alikuwa amekubaliwa mkopo wa kununua moja.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mrefu, mwenye hatua ndefu. Hakuwa ameolewa, wala hakuona haja ya kumweleza mtu sababu. Alikaa Bondeni katika nyumba ya baraza la mji, na kazi yake ilikuwa kupima maziwa. Kila asubuhi alikwenda kwa wakulima wa kituo kimoja, Bahati, Subukia au Kabazi, kila kituo mara moja kwa wiki, akachukua maziwa kidogo ya kila mtu katika chupa, akayapeleka kwenye maabara ya Nakuru yapimwe mafuta. Mafuta hayo ndiyo yaliyoamua mkulima alipwe nini. Chupa ikiharibika, aliyeumia alikuwa mwenye ng'ombe.

Na chupa zilikuwa zinaharibika. Wamaitha alizoea kupanda lori la maziwa, na lori lile lilisimama kwenye kila lango lenye debe. Lilifika mjini saa sita, jua likiwa utosini, na maziwa ya Kabazi, kituo cha mbali kuliko vyote, yalikuwa yamechacha. Mkuu wa maabara, Bwana Kipkemei, alikuwa mtu wa maneno machache.

"Nakupa mpaka mwisho wa mwezi," alimwambia. "Saa nne asubuhi chupa ziwe hapa mezani, na maziwa yawe maziwa. Ukishindwa, Kabazi itapimwa mara moja kwa mwezi, na nitamtuma mtu mwingine."

Mara moja kwa mwezi! Ng'ombe akiugua siku hiyo, mkulima ahukumiwe kwa siku hiyo mwezi mzima. Wamaitha alitoka pale amebana midomo. Kabazi haikuwa kituo tu kwake. Alizaliwa huko, katika kambi ya wafanyakazi, wakati ardhi yote ile ilipokuwa ya mzungu mmoja. Gari lililobeba chupa za kupimwa lilipopita, watoto wa kambi waliruka pembeni wakala vumbi. Sasa shamba lilikuwa limegawanywa kwa wale waliokuwa wakikamua ng'ombe wake, na aliyebeba chupa alikuwa yeye. Hakuwa tayari kumwachia mtu mwingine.

Kwa hiyo akaenda kwa Gopal.

Gari la kwanza lilikuwa Datsun 1600 SSS nyeupe, ya daktari aliyehamishiwa Kisumu. Milango minne, viti vimefunikwa vitambaa vilivyofuliwa, hakuna mkwaruzo hata mmoja. La pili lilikuwa Ford Escort nyekundu, boneti nyeusi, milango miwili tu, ya kijana aitwaye Kirit aliyekuwa akishindana nayo kwenye mbio za klabu. Kirit alikuwa anaoa, na wakwe zake walitaka kumwona bibi arusi akishuka kwenye gari lenye adabu.

"Mama, hakuna cha kufikiria hapa," Gopal alisema akifuta mikono kwa kitambaa. "Hii nyeupe ina mbio, lakini ina heshima. Hii nyekundu, Kirit amebadilisha spring zote. Ngumu kama benchi la kanisa."

"Nitazijaribu zote mbili."

"Jaribu, jaribu. Utarudi kwa nyeupe."

Akaanza na nyekundu. Alijiambia ni ili aiondoe akilini mapema. Lakini alipopita Bahati na barabara ya udongo wa murram ikafunguka mbele yake, alijua hakusema kweli. Usukani ulikuwa mdogo na ulimjibu kabla hajamaliza kuuliza. Injini ilinguruma kwa sauti nzito iliyopanda miguuni mpaka kifuani. Kwenye kona za mteremko wa Subukia, pale lori lilipojikokota likilia breki, Escort ilishika ukingo wa barabara na kugeuka kama kitu kilichozaliwa pale. Bonde lote lilikuwa chini yake, mashamba ya pareto yakiwa meupe kwa maua, moshi wa asubuhi ukitoka jikoni mwa watu. Wamaitha alijikuta anacheka peke yake, yeye ambaye ofisini walimwita Jiwe.

Kabazi, wakulima walikuwa wamepanga foleni na madebe yao. Mzee Mburu, mwenyekiti wa chama chao, alilizunguka gari mara mbili.

"Madam, umeiba gari la mashindano ya Safari?"

"Nimeazimwa, mzee."

"Basi ukimbie, wenyewe wako nyuma yako! Na ukishinda utuletee kikombe."

"Nitawaletea majibu ya maziwa yenu. Leteni madebe."

Watu wakacheka, naye akaanza kazi. Alikoroga kila debe, akachota, akamimina. Kwa kila mkulima alijaza chupa nusu tu. Kitabu cha chuo cha maziwa alikosomea kilisema chupa ijae, lakini Wamaitha aliona hiyo ni sheria ya watu wenye ng'ombe mia. Mtu mwenye ng'ombe mmoja na watoto sita, unamchukulia chupa nzima kila wiki kwa haki gani? Maabara ilihitaji kijiko tu. Kwa miaka minne alikuwa akiwahurumia hivyo, na moyoni alijivunia huruma hiyo.

Saa tatu na dakika ishirini na tano aliegesha mbele ya maabara. Bwana Kipkemei alitazama saa yake, kisha akatazama gari, kisha akatazama saa tena. Wamaitha alitua sanduku la chupa mezani kama mtu anayetua taji.

Kipkemei akafungua chupa ya kwanza, akaiinamisha kwenye mwanga. Akafungua ya pili. Ya tatu.

"Wamaitha," alisema polepole, "umeniletea siagi. Bado mkate."

Juu ya maziwa kulielea punje za njano, ndogo kama mtama. Mafuta yalikuwa yamejikusanya. Maziwa ya namna hiyo hayapimiki: ukichota penye punje, ng'ombe wa mtu anageuka malkia, na ukichota pasipo na punje, anageuka mbuzi. Katika chupa thelathini na mbili, hakuna hata moja iliyopona. Wamaitha angeweza kuandika tarakimu za kubahatisha, na Kabazi nzima isingejua. Akachukua kalamu, akaandika kwenye kila mstari: imeharibika. Akatia sahihi.

Jioni alimrudishia Gopal ufunguo, akamwonyesha chupa moja yenye punje.

"Spring za Kirit," Gopal alisema, na kwa heshima yake hakutabasamu. "Umekuja na mashine ya kupiga siagi, mama. Kesho chukua nyeupe. Hiyo unaweza kubebea mayai."

Kesho yake akachukua nyeupe. Lilikuwa gari zuri, hilo hangeweza kulikana. Lilikuwa na nguvu na lilimeza mashimo kimyakimya. Tatizo lake lilikuwa moja, kwamba hakulitaka, na hilo halikuwa neno la kumwambia mtu mzima mwenzake.

Huko Kabazi aliwaeleza wakulima wote yaliyotokea: maziwa ya jana yameharibika, kosa ni langu, tunaanza upya. Kisha Mzee Mburu akakohoa.

"Kumbe gari la mbio linapiga siagi. Na sisi tunawachosha wake zetu bure!"

Waliocheka walicheka, lakini mama mmoja aliyekuwa na debe dogo hakucheka. Aliuliza tu, "Na leo je, Madam?" Swali hilo lilikaa ndani ya gari mpaka Nakuru.

Alifika saa nne kasoro dakika kumi. Akafungua chupa yeye mwenyewe kabla Kipkemei hajasogea. Punje zilikuwa chache zaidi, nyembamba zaidi, lakini zilikuwepo, karibu katika kila chupa. Akasimama akizitazama. Alikuwa ameacha gari alilolipenda, akaendesha kama mtu aliyebeba mgonjwa, na bado.

"Wiki moja imebaki," Kipkemei alisema, bila ukali.

Jumamosi alikwenda na ile Datsun kwa mama yake, Wachuka, aliyekuwa na ekari zake tano hapo hapo Kabazi. Alimkuta amekaa kwenye kigoda nje, ungo wa maharagwe magotini. Mama alilitazama gari jeupe, akasema ni safi, akaendelea kupepeta.

"Mbona umekunja uso hivyo? Limekushinda?"

Wamaitha akamweleza yote: lori, saa nne, nyekundu, nyeupe, punje. Wachuka alisikiliza mpaka mwisho, vidole vikitoa mawe kwenye maharagwe.

"Hizo chupa unazijaza mpaka wapi?"

"Nusu, mama. Sipendi kuwanyang'anya watu maziwa."

Mama yake aliweka ungo chini. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu, akafuta macho kwa pindo la leso.

"Sikiliza, mtoto wangu. Miaka kumi na mmoja nilizungusha pipa la siagi la mke wa yule mzungu. Siku ya kwanza nililijaza krimu mpaka mdomoni, nikadhani nitamaliza mapema nije kukunyonyesha. Nilizungusha mpaka mabega yakafa ganzi. Hakuna kitu! Yule mama akanitukana, akatoka. Mpishi ndiye aliyenionyesha. Alimwaga nusu, akasema, iachie mahali pa kurukia. Nikazungusha kidogo tu, siagi hiyo."

"Kwa hiyo chupa zangu..."

"Ni mapipa madogo. Lori halikuyapiga kwa sababu lilitembea kama kinyonga. Sasa unakimbia, na umeyaachia uwanja wa kucheza. Jaza mpaka kizibo."

Wamaitha alimtazama mama yake mabegani, pale yalipoinama mbele kidogo, na kwa mara ya kwanza akaelewa yalijifunzia wapi kuinama. Kitabu cha chuo kilikuwa kimemwambia jambo lile lile kwa mstari mmoja, bila kutaja sababu, naye akalikataa kwa wema. Mama yake hakuwahi kuingia darasani, lakini sababu alikuwa nayo. Fahari kubwa ilimjaa moyoni, na safari hii haikuwa juu yake mwenyewe.

"Nipe maziwa ya jioni, mama. Na ya kesho asubuhi pia."

"Ya nini?"

"Nataka kuliuliza gari swali."

Hakuwa mtu wa kubahatisha na ng'ombe wa watu. Jumatatu ingekuwa ya wakulima, lakini Jumapili ilikuwa yake. Alilala kwa mama, alfajiri akakamua mwenyewe, akarudi mjini, akabisha nyumbani kwa Gopal, ambaye alikuwa bado anakunywa chai.

"Mama, leo Jumapili!"

"Najua. Nipe ufunguo wa ile nyekundu."

Ndani ya sanduku aliweka chupa kumi na mbili za maziwa ya mama yake: sita nusu, sita zimejaa mpaka kizibo. Akaenda mpaka Subukia, akageuza, akarudi, na hakulihurumia gari wala yeye mwenyewe. Spring za Kirit zilimrusha mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka begani. Gopal alikuwa amesimama langoni akimsubiri, maana hata yeye alikuwa ameshikwa na hamu ya kujua. Wakafungua chupa pamoja juu ya boneti yenye joto. Zile za nusu, zote sita, zilikuwa na punje za njano. Zile zilizojaa zilikuwa maziwa matupu.

"Arre," Gopal alisema taratibu.

Jumatatu alikwenda Kabazi na ile nyekundu. Mzee Mburu alipoona chupa inajazwa mpaka juu, alishika kiuno.

"Juzi nusu, leo nzima, kesho utachukua ng'ombe mwenyewe?"

"Mzee, ukitaka nikupime sawasawa, jaza. Muulize Wachuka. Yeye ndiye mkuu wangu."

Jina hilo lilitosha. Wazee wa kambi walilijua pipa lile. Mama wa debe dogo alikuja wa kwanza, akamimina mwenyewe mpaka maziwa yakagusa kizibo, akamtazama Wamaitha machoni.

Saa tatu na dakika ishirini sanduku lilikuwa mezani. Kipkemei alifungua chupa thelathini na mbili, moja baada ya nyingine. Akatia asidi kwenye mirija, akaiweka kwenye mashine, ikazunguka. Alipoitoa, mafuta yalikuwa yamesimama katika kila mrija, ukanda wa njano ulionyooka, mpaka wake ukiwa wazi kama umekatwa kwa kisu. Akasoma, Wamaitha akaandika. Walipomaliza, Kipkemei alivua miwani.

"Kabazi ni yako," alisema. "Kila wiki."

Alitoka nje akatembea mpaka kwenye gari, mgongo umenyooka. Aligonga paa lake kwa kiganja, akaingia.

Alasiri hiyo Gopal alikuwa na karatasi ya mauzo tayari mezani, na alikuwa ameshaandika juu yake: Datsun, nyeupe.

"Futa hiyo, fundi. Andika Escort."

Gopal aliinua kichwa. "Mama, sasa umeshajua chupa zikijaa hakuna shida. Hata nyeupe itakufikisha saa nne."

"Itanifikisha."

"Ni laini. Inamfaa mtu mwenye cheo kama wewe. Hii nyingine, kila wiki mpaka Kabazi, mgongo wako utalia."

"Mgongo wangu umetoka kwa Wachuka."

"Lakini kwa nini, mama? Niambie sababu moja tu."

Wamaitha alifikiri. Angeweza kumtajia kona za Subukia, au dakika zile thelathini alizookoa, na zote zingekuwa kweli. Maisha yake yote alikuwa ametoa sababu: kwa walimu, kwa wakubwa wa ofisi, kwa watu waliotaka kujua mbona hajaolewa. Akachukua kalamu mkononi mwa Gopal.

"Kwa sababu naitaka," alisema, akakata neno Datsun kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika jina la gari lake mwenyewe.